Klova, Dawa ya Magugu, na Ng'ombe wa Nyumbani



Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Kihanga, malisho hayachipui peke yake. Magugu nayo huchipuka, tena kwa haraka kuliko malisho. Zamani mtu alitwaa jembe na panga, akaenda pamoja na watu wa nyumbani mwake, wakang'oa. Siku hizi wengi huenda dukani, hununua dawa ya kuua magugu, huitia katika bomba la mgongoni, na kazi ya siku kumi huisha kwa siku moja. Hatusemi kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Mikono ni michache, watoto wako shuleni, na shamba ni lile lile. Lakini mwenye nyumba aliye mwangalifu hujiuliza neno moja: Dawa hii ikiuangukia mmea wala usife, je, mmea huo hubaki vile vile kama ulivyokuwa? Neno hilo ndilo tunalotaka kulieleza mwezi huu, maana liko karibu na maziwa ya watoto wetu, tena liko karibu na amani yetu na majirani.

Klova ni mmea gani

Klova si karafuu ya Unguja, mtu asije akachanganya. Klova ni mmea mfupi wa malisho, utambaao chini. Jani lake lina vipande vitatu, na ua lake ni kichwa kidogo cha duara, cheupe au chekundu. Wenye elimu ya mimea huiita Trifolium, maana yake majani matatu. Ni wa jamaa moja na maharage, kunde, njegere na karanga.

Afrika ya Mashariki ina klova zake yenyewe, zisizoletwa na mgeni. Moja huitwa klova nyeupe ya Kenya. Nyingine imepewa jina la milima ya Usambara. Huota katika nyanda za juu zenye baridi na unyevu. Hiyo ya Kenya iliwapendeza hata wafugaji wa Australia, wakaichukua, wakaipanda kwao, na aina yao moja wakaiita kwa jina la Kiswahili, Safari.

Asemaye, "Kwangu hakuna klova," asilikunje gazeti. Maharage ya Karagwe ni ndugu wa klova. Desmodiamu, ambayo wafugaji wengine huipanda kwa ajili ya ng'ombe, nayo ni ndugu yake. Mambo mengi tutakayoyasema juu ya klova yaihusu jamaa hiyo yote.

Vitu vilivyofichwa ndani ya jani

Mnyama akiona adui hukimbia. Mmea hauna miguu. Kwa hiyo Muumba ameupa silaha nyingine, nazo ni vitu vya asili ambavyo mmea huvitengeneza ndani yake wenyewe. Vingine ni vichungu ili wadudu wasiule. Vingine ni sumu. Na vingine si silaha hata kidogo, bali ni kama sauti ya kuwaita rafiki.

Klova nyeupe ya Ulaya mara nyingi huwa na kitu kile kile kilichomo katika muhogo mchungu, chenye kutoa sumu jani litafunwapo. Konokono huionja akaiacha. Kila mama ajuaye kuloweka muhogo amekwisha kulifahamu jambo hili pasipo kufundishwa: chakula kizuri chaweza kuwa na sumu ndani yake, na dawa ya sumu hiyo ni maarifa.

Tena kuna habari ya klova tamu, ambayo si klova halisi lakini ni ya jamaa yake. Katika miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walianza kutoka damu hata kufa. Mtu akimkata ng'ombe pembe, au akimhasi, damu haikukoma. Daktari wa mifugo Frank Schofield, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya misheni katika nchi ya Korea, alichunguza akaona ya kuwa wanyama hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoingiwa na ukungu. Mwaka 1933, mwezi wa Februari, mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika theluji nyingi akiwa na mtamba aliyekufa, na ndoo ya damu isiyoganda, akamfikia mtaalamu Karl Paul Link. Link na wasaidizi wake wakafanya kazi miaka mingi hata wakakipata kile kitu. Ndani ya jani kulikuwa na kitu cha asili chenye harufu nzuri, kiitwacho kumarini. Ukungu ulikuwa umekigeuza kuwa sumu ya damu. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa iitwayo warfarini, ambayo madaktari huwapa watu ambao damu yao huganda mahali pasipofaa.

Habari ya tatu ni ya Australia ya Magharibi. Katika miaka ya 1940, kondoo wa huko walikula klova ya aina izikayo mbegu zake katika udongo. Wakanenepa, sufu yao ikawa nzuri, lakini majike wengi hawakushika mimba, na wengine walishindwa kuzaa. Mwaka 1946 Bennetts na wenzake walitangaza ya kuwa sababu ni klova yenyewe. Baadaye ilijulikana kwamba klova hiyo ina vitu viitwavyo isoflavoni, ambavyo mwilini hufanana na homoni ya kike. Kimoja chao, jina lake formononetini, kikifika katika tumbo la kwanza la kondoo hugeuzwa kuwa kitu chenye nguvu zaidi, nacho huufunga uzazi. Ng'ombe hudhurika kidogo kuliko kondoo.

Na tuangalie neno hili: wataalamu wa Australia waliona ya kuwa klova iliyopandwa katika ardhi iliyopungukiwa na fosforasi huwa na isoflavoni nyingi kuliko klova iliyoshiba. Maana yake, kiasi cha vitu hivi hakikai pale pale. Mmea ukipatwa na taabu, hubadilika ndani, hata kama kwa nje jani ni kijani lile lile.

Mazungumzo ya mizizi

Vitu hivyo si vya kudhuru tu. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha ya kuwa mimea ya jamaa ya maharage hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi. Kwa sababu hiyo shamba lililopandwa maharage hulisaidia shamba la mahindi litakalofuata.

Lakini kijidudu kilicho udongoni kitajuaje ya kuwa mzizi wa rafiki umekaribia? Mwaka 1986 wataalamu walipata jibu katika klova nyeupe: mzizi hutoa vitu vya jamaa hii ya flavoni, na kijidudu kikivipata huamka, huanza kazi ya kuingia. Tena mwaka 1991 ilionekana ya kuwa formononetini, ile ile iliyowafunga uzazi kondoo wa Australia, huwaamsha kuvu wema wa udongoni, ambao huuletea mzizi wa klova fosforasi kutoka mbali. Tazameni hekima hii: mmea wenye njaa ya fosforasi huzidisha kitu kile kile cha kumwita mletaji wa fosforasi. Lililo sumu kwa kondoo ni mwito kwa kuvu.

Dawa ya magugu yafanya nini

Sasa tumefika katika neno lenyewe. Dawa za kuua magugu si moja, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni glaifoseti, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1974 na sasa imeenea duniani kote. Mwaka 1980 wataalamu wa Ujerumani walieleza jinsi inavyoua. Ndani ya mmea kuna njia moja ndefu ya kutengenezea vitu, na mahali pamoja katika njia hiyo glaifoseti hufunga mlango. Fikirini barabara itokayo Kihanga kwenda Kayanga, na daraja likivunjika katikati: mizigo hulundikana upande huu, na sokoni upande wa pili hakuna kitu. Ndivyo ilivyo ndani ya jani. Na katika bidhaa zote zilizokuwa zipite njia hiyo, nyingi ni zile tulizozitaja: flavoni, isoflavoni, na vitu viupavyo ukuta wa mmea ugumu wake. Mmea uliopata dawa nyingi hufa. Uliopata kidogo, kwa mfano kwa matone yaliyochukuliwa na upepo, waweza kupona. Lakini kwa muda huwa maskini wa silaha zake na wa sauti yake. Tena vijidudu vya vinundu vyenyewe vina njia ile ile, navyo vyaweza kudhoofishwa na dawa hiyo.

Ya pili ni dawa za jamaa ya asifluorfeni, ambazo huunguza jani. Hizo zilionekana kufanya kinyume. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walitangaza ya kuwa maharage, njegere na mimea mingine iliyopata dawa hiyo huzidisha vitu vya kujikinga, kama kwamba imeshambuliwa na ugonjwa. Basi dawa moja hupunguza, na nyingine huongeza. Kwa hiyo asiyejua ni dawa gani iliyomwagwa hawezi kusema malisho yake yamebadilika kwa upande gani.

Ya tatu ni ile iitwayo 2,4-D, iliyopatikana katika miaka ya 1940. Huua mimea yenye majani mapana, lakini huziacha nyasi. Wengi huipenda kwa sababu hiyo. Lakini klova ni mmea wa majani mapana, na maharage kadhalika. Anayeinyunyizia malisho yake ili kuua magugu huenda akaua na klova yote, akabaki na nyasi tupu zisizo na mpishi wa naitrojeni katikati yao. Ndiyo sababu Wain wa Uingereza na wenzake, katika miaka ya 1950, walitafuta dawa nyingine ya jamaa hiyo ambayo si kali mpaka igeuzwe ndani ya mmea. Magugu mengi huigeuza upesi yakafa, lakini klova huigeuza kidogo sana, nayo huokoka.

Tena 2,4-D ina hatari nyingine ambayo mfugaji yampasa kuijua sana. Gugu lenye sumu likinyunyiziwa, kabla halijafa sukari huweza kuzidi katika majani yake. Ng'ombe aliyekuwa akilipita kwa sababu ya uchungu wake sasa huliona tamu, akalila, na sumu yake bado imo. Na mimea mingine, hasa mchicha wa porini, ikipatwa na dawa hiyo huweza kukusanya naitreti nyingi; mnyama akila sana, damu yake hugeuka rangi kuwa ya kahawia iliyokolea, hukosa pumzi, naye aweza kufa siku ile ile. Lantana, ambayo wengine waliipanda kwa uzuri wa maua yake, ina sumu ya ini. Wala majani yake makavu si salama.

Ng'ombe asiposhika mimba

Karagwe ni nchi ya ng'ombe tangu zamani. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 walikuta ufalme ambao heshima yake ilikuwa katika ng'ombe. Hata leo, katika nyumba nyingi za Kihanga, ng'ombe mmoja ni maziwa ya mtoto, ni ada ya shule, ni samadi ya migomba. Ng'ombe akikosa mimba mwaka mzima, mgomba nao huona njaa.

Na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Ng'ombe akikosa mimba, au akitupa, maneno huanza kunong'onwa: "Jirani ametazama zizi kwa jicho baya. Mke wa fulani alipita hapa jioni." Mtu aliyebatizwa huenda usiku kwa mwaguzi, hulipa fedha, hupewa jina la mtu, na tangu siku hiyo nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana moto hazisalimiani. Ng'ombe hajapona, na udugu umekufa.

Wapendwa, wale wafugaji wa Australia nao waliona kondoo wanono wasiozaa, na jambo lenyewe lilikuwa gumu kuelezwa. Kama wangalitafuta mtu wa kumlaumu, wangalimpata. Mtu wa kulaumiwa hakosekani. Lakini walitazama malisho, wakalinganisha zizi na zizi, na ukweli ukaonekana katika jani dogo la vipande vitatu.

Hatusemi kwamba klova ndiyo sababu ya kila ng'ombe tasa wa Kihanga, la, hasha. Sababu zilizo za kawaida ni njaa ya kiangazi, upungufu wa chumvi na madini, dume asiyefaa, kutoangalia siku za joto, na ugonjwa wa kutupa mimba uitwao bruselosi, ambao huwaingia watu pia kwa maziwa mabichi. Kwa hiyo maziwa na yachemshwe, na afisa mifugo aitwe. Akifika, aelezwe yote: ng'ombe alikula nini, wapi, na kama mahali pale palinyunyiziwa dawa, ni dawa gani na siku gani. Mtu afichaye habari ya dawa kwa kuona haya humfunga mganga wa mifugo macho.

Mambo ya kushika nyumbani

1. Kabla ya kununua dawa, jiulize kama jembe halitoshi. Lantana michache na ing'olewe na mizizi yake, ikachomwe mbali na zizi.

2. Nunua dawa iliyo katika chombo chake, chenye maandiko, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda. Asiyejua kusoma maandiko na amwite mwanawe au mwalimu amsomee, wala si aibu.

3. Maandiko hutaja siku ambazo mnyama hapaswi kula mahali paliponyunyiziwa. Siku hizo zihesabiwe na kuandikwa. Pale penye magugu ya sumu, ng'ombe asirudi mpaka yamekauka kabisa na kuondolewa.

4. Mama au mtoto aendaye kukata majani ya ng'ombe katika migomba aambiwe kwanza kama migomba hiyo imenyunyiziwa. Katika nyumba nyingi baba ndiye anyunyiziaye na mama ndiye akataye. Wasipoambiana, ng'ombe hulipa.

5. Usinyunyizie wakati wa upepo, wala karibu na kisima, wala juu ya klova au maharage yenye maua wakati nyuki wako kazini. Glaifoseti hushuka mpaka mizizini. Ikiangukia chipukizi la mgomba, hulidhuru.

6. Chombo cha dawa kisitiwe maziwa wala maji wala pombe, hata kikioshwa mara saba.

7. Klova na desmodiamu ni chakula kizuri kikichanganywa na nyasi. Ng'ombe mwenye njaa asifunguliwe asubuhi katika klova mbichi yenye umande, maana tumbo huweza kujaa hewa akafa. Ale nyasi kavu kwanza. Na majani yaliyoingiwa na ukungu yatupwe.

Neno kwa walimu

Mwalimu aweza kulifundisha jambo hili pasipo fedha. Chukua mche wa maharage uliokaribia kutoa maua, uchimbe taratibu, uoshe mizizi katika maji. Watoto wataona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi nyekundu ndani, kinafanya kazi; kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi. Kisha watoto waende katika mashamba ya kwao na kulinganisha mche wa mahali palipopaliliwa kwa jembe na ule wa kando ya shamba lililonyunyiziwa siku za nyuma, ambapo majani yamekwisha kukauka. Waandike waonayo, wala wasiandike walichotumaini kuona. Lakini mtoto asishike bomba la dawa kamwe.

Twaujua sote mfano wa magugu katikati ya ngano, na jinsi mwenye shamba alivyowazuia watumishi wasiyang'oe kwa haraka. Hakuwazuia kwa sababu aliyapenda magugu. Aliyaona mizizi yake imeshikana na ya ngano, akaihurumia ngano. Mfano ule wahusu mambo makuu kuliko malisho, lakini mkulima wa Kihanga aweza kujifunza kwake hata katika malisho. Katika udongo wake mizizi ya kila namna imeshikana: nyasi na klova, klova na kijidudu, kijidudu na mgomba, mgomba na ng'ombe, ng'ombe na mtoto anywaye maziwa. Anayenyanyua bomba ashike hesabu ya vyote hivyo. Na siku ng'ombe wake akikosa mimba, kabla hajataja jina la jirani, na aende kwanza malishoni, ainame, aangalie majani.